Children ya Robert Miles: Ngoma ya klabu iliyotengenezwa ili watu wafike nyumbani salama

Katikati ya miaka ya 1990, vijana wengi nchini Italia walikuwa wakikesha klabu kila wikiendi, kisha wanaingia barabarani alfajiri wakiwa wamechoka, wengine wamelewa, huku mdundo wa kasi bado uko kichwani. Baadhi hawakufika nyumbani. Ajali hizo zilizoeleka hadi zikapewa jina: mauaji ya Jumamosi usiku.

Roberto Concina, DJ na prodyuza anayejulikana zaidi kama Robert Miles, alitaka ngoma ya kufungia usiku, ya kumtuliza mtu kabla hajashika usukani. Mwaka 1995 akaitoa Children, yaani "watoto". Kulikuwa na sababu nyingine pia: picha za watoto walioathiriwa na vita vya Yugoslavia ya zamani, ambazo baba yake alirudi nazo kutoka kwenye kazi ya misaada.

Cha kushangaza, ngoma yenyewe haiendi polepole. Ina mapigo zaidi ya 130 kwa dakika, kasi ya kawaida kwa muziki wa transi, ule wa kielektroniki wa klabu. Sasa utulivu unatoka wapi?

Vaa hedifoni, tafuta toleo refu la zaidi ya dakika 7, kisha fuatilia mambo haya manne:

1. Mwanzo hauna haraka
Unasikia ngurumo za radi na sauti ndefu, laini za kinanda. Mdundo unasubirishwa, na wewe unapata muda wa kuvuta pumzi.

2. Piano inaacha nafasi
Hakuna mwimbaji. Piano ndiyo inayoimba, na inatumia noti chache tu ambazo hata mtu asiyejua muziki anaweza kuzipigia mluzi. Inapiga kifungu kifupi, inanyamaza kidogo, inarudi.

3. Mwangwi unajaza pengo
Piano inaponyamaza, noti zake zinaendelea kujirudia zikififia. Marudio hayo yanaendana na biti, kwa hiyo unahisi uko kwenye ukumbi mkubwa mtupu, lakini hakuna kinachogongana.

4. Mdundo unaondoka, kisha unarudi
Katikati, mdundo na besi vinakatwa, inabaki piano na sauti zile laini. Vikirudi, ngoma inasikika kubwa kuliko mwanzo, ingawa wewe hujagusa kitufe cha sauti.

Hapo ndipo siri ilipo. Chini kuna mdundo wa kasi unaowapa wachezaji sababu ya kubaki ukumbini. Juu yake piano inatembea taratibu, na sikio hufuata piano.

Children ilishika namba 1 katika nchi nyingi za Ulaya, zikiwemo Italia, Ufaransa na Ujerumani, na namba 2 Uingereza. Miles alifariki Mei 2017 akiwa na miaka 47.