Maua ya Kitulo na Poloni Isiyo na Nyama

 

Hapa Soweto kila mtoto anaijua kota: robo ya mkate iliyojazwa chipsi, achari na poloni. Zambia nao wana poloni yao, ila haina nyama. Huitwa chikanda. Hupikwa kwa unga wa viazi vya okidi, karanga zilizotwangwa, pilipili na magadi. Ikipoa hukatwa vipande, na ni tamu kweli!

Okidi ni ua la porini. Nyingi ya zinazoliwa Zambia zimechimbwa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ikiwemo Kitulo, kati ya Mbeya na Njombe. Kitulo ni uwanda wa nyasi ulio juu sana, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu, kwa sababu mvua zikinyesha uwanda wote huchanua. Humo mna aina 45 hivi za okidi ziotazo ardhini.

Kule juu kuna baridi na upepo, na okidi huota kati ya nyasi. Kiangazi kikifika majani hukauka, lakini kiazi hubaki hai udongoni.

Kwa kawaida kila mmea una viazi viwili. Cha zamani hulisha ua la mwaka huu. Kipya ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji akichukua kile kipya, mmea huo haurudi tena. Mbegu nazo ni ndogo kama vumbi, hazina chakula ndani, na haziwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu wa udongoni. Ndiyo maana okidi zikichimbwa hukawia kurudi.

Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, hasa kwa ajili ya maua yake. Hata hivyo, viazi hivyo ni fedha ya ada na sabuni kwa familia nyingi, kwa hiyo katazo peke yake halitoshi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia haba na haba hukimaliza.

Okidi hizi zina ndugu hapa kwetu: disa nyekundu ya Table Mountain ni wa ukoo mmoja na disa za Kitulo.

Kazi ya nyumbani: Muulize bibi au babu, kwa simu au ana kwa ana: mlichimba au kuchuma nini porini, na mliacha nini ili kiote tena? Andika sentensi tano, uje nazo Jumamosi.