Mtoto Aliyeumia na Swali la Daktari

Somo: Marko 9:14–29



Katika somo letu baba mmoja amleta mwanawe kwa Yesu. Mtoto huyu mara nyingi huanguka motoni na majini. Kabla ya kumponya, Yesu amwuliza baba swali: hali hii ilianza lini? Umati ulikuwa ukisikiliza, lakini baba hakuficha. Alisema ilianza utotoni.

Swali kama hilo huulizwa hospitalini hata leo. Kijana wa miaka 16 kutoka Manyatta ameanguka na pikipiki pale Kondele, au amekatwa kwa chupa katika ugomvi. Akimbizwa hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, ile iliyofunguliwa mwaka 1969 kwa msaada wa Urusi ya wakati ule, na ambayo wengi wetu twaiita Russia mpaka sasa. Daktari auliza, “Amekunywa nini? Amevuta nini?” Mama ajibu upesi, “Mtoto wangu hanywi. Sisi ni watu wa kanisa.”

Mpendwa msikilizaji, daktari haulizi kwa niaba ya polisi, wala kwa niaba ya kasisi. Auliza kwa sababu anataka kuokoa maisha.

Kwanza, mtu anayevuja damu ndani ya kichwa hufanana sana na mlevi. Husinzia, hutapika, husema maneno yasiyoeleweka. Mtu asiseme, “Mwacheni alale, pombe itamtoka.” Daktari ahitaji ukweli wote, kwamba amekunywa na kwamba amegonga kichwa. Pili, dawa kali za maumivu zikikutana na pombe mwilini zaweza kupunguza pumzi hata ikakoma. Tatu, chang’aa nyingine hutiwa methanoli. Sumu hiyo ndiyo iliyoua watu zaidi ya 130 mitaani Nairobi mwezi wa Novemba 2000, na wengine wakapofuka. Dawa yake ipo, lakini lazima itolewe mapema.

Tena kuna sababu ya nne, nayo ni kesho. Jeraha likishonwa na kilicholeta jeraha kikiachwa, kijana atarudi. Ndiyo maana madaktari wa Boston, Marekani, walitunga maswali sita kwa ajili ya vijana. Kijana huulizwa kama amepanda gari au pikipiki huku mwendeshaji amelewa. Kama hutumia kileo ili kutuliza moyo. Kama hutumia akiwa peke yake. Kama husahau aliyoyafanya. Kama jamaa au rafiki wamemwomba apunguze. Na kama ameingia matatani kwa sababu hiyo. “Ndiyo” mbili au zaidi si hukumu. Maana yake ni kwamba kijana huyu ahitaji mtu wa kukaa naye na kuzungumza zaidi.

Je, mazungumzo yasaidia? Mwaka 1999 ilitangazwa habari ya vijana wa miaka 18 na 19 huko Rhode Island, Marekani, waliofika hospitali kwa sababu ya pombe. Waliozungumziwa kwa upole, mara moja tu, walipata majeraha ya ulevi machache katika miezi sita iliyofuata kuliko wenzao. Na hapa jirani, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyoanzishwa na Shirika la Msamaria Mwema na kufunguliwa mwaka 1971, wauguzi wamefundishwa kuzungumza hivyo na watu wazima walioumia. Mpango wao waitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako.

Basi sisi wazazi tufanye nini? Daktari akikuomba utoke nje kidogo, toka. Kijana husema kweli asipotazamwa na mama yake. Akiisha kusema, usiugeuze ukweli huo kuwa fimbo ya kumpigia nyumbani, kwa maana hatasema mara ya pili. Nanyi akina mama na wazee wa kanisa, siri ya kitanda cha hospitali isiwe habari ya mkutano wa Jumatano.

Wala tusione haya kwa kuwa mtoto wetu ameulizwa. Ni vema kila kijana aliyeumia aulizwe, wa Milimani sawasawa na wa Manyatta, anayenuka pombe na asiyenuka. Swali likiwa la wote, halimwaibishi mmoja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza kumwuzia pombe mtu asiyetimiza miaka 18. Basi mtoto akikiri kwamba amekunywa, jueni kuna mtu mzima aliyemwuzia. Huyo naye aulizwe.

Yule baba alisema kweli juu ya mwanawe, akakiri hata uhaba wa imani yake mwenyewe, na mtoto akashikwa mkono akasimama.

Tuombe. Ee Bwana, wape madaktari na wauguzi wetu upole wa kuuliza, utupe sisi wazazi ujasiri wa kujibu, na watoto wetu uwainue. Amina.