Kwa Nini Mtabibu wa Nafsi Ajue Kusoma Utafiti

Mwaka 1949, wanasaikolojia wa Marekani waliokutana mjini Boulder, Colorado, walikubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba, yaani mtaalamu anayechunguza na kutibu matatizo ya akili na hisia kwa njia za kisaikolojia, afundishwe kutibu na kutafiti kwa pamoja. Wapo wanaouona mzigo wa kujifunza utafiti na takwimu kuwa hauna faida kwa mtu atakayeshinda akiwasikiliza wagonjwa, lakini historia ya huduma moja iliyotolewa kwa nia njema kabisa inaonyesha jinsi wanavyokosea.

Katika miaka ya 1980 na 1990 ilienea desturi ya kuwakalisha manusura wa ajali na maafa, siku chache tu baada ya tukio, ili wasimulie yote waliyoyaona na kuyahisi, kwa matumaini kwamba kusimulia mapema kungewakinga na ugonjwa wa kiwewe, ambao humrudishia mtu tukio hilo katika ndoto na katika mawazo asiyoweza kuyazuia. Wengi walishukuru, wengi wakapata nafuu, na aliyewahudumia hakuona sababu ya kuitilia shaka kazi yake. Hata hivyo, walio wengi hupona baada ya maafa hata wasipohudumiwa, kwa hiyo nafuu peke yake haithibitishi kitu mpaka pawepo kundi la ulinganisho, yaani watu wa hali ileile wasiopewa huduma, waliogawanywa kwa bahati nasibu.

Mtafiti Jonathan Bisson na wenzake walifanya ulinganisho huo nchini Uingereza kwa majeruhi wa moto, na matokeo yao ya 1997 yalishtua: baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliosimulishwa walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, ilhali kwa wasiosimulishwa ilikuwa asilimia 9. Hapo ndipo mafunzo yanapohitajika zaidi, kwa kuwa msomaji makini huona katika ripoti hiyohiyo kwamba waliosimulishwa walikuwa wameungua vibaya zaidi tangu mwanzo, jambo linaloweza kueleza sehemu ya tofauti hiyo. Tafiti nyingine zilipojumlishwa hazikuonyesha kinga yoyote, na mwaka 2005 mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ukashauri kikao kimoja cha kusimulisha kisiwe huduma ya kawaida.

Mtaalamu aliyeacha kusoma alipohitimu mwaka 1995 angeendelea kuwasimulisha majeruhi kwa moyo wake wote. Mwenzake anayefuatilia maarifa mapya angejua huduma ya kwanza ya kisaikolojia, iliyoelezwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, ambamo mtoa huduma humpeleka manusura mahali salama, humsaidia kupata maji na kuwasiliana na ndugu zake, na humsikiliza akitaka kusema, wala hamlazimishi kusimulia.