Masurufu ya mtoto wa shule

(Haya ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni na mwandishi wake.)

Ndugu msikilizaji,

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya jambo dogo linalotoka nyumbani kwetu kila asubuhi ndani ya mkoba wa mtoto. Nalo ni chakula chake cha shuleni.

Nianze na yaliyonifika mwenyewe. Binti yangu alipokuwa darasa la tatu, hapa Dar es Salaam, tulimnunulia kontena la plastiki lenye mfuniko mzuri. Kila siku mama yake alimtilia chakula, na kila siku kontena lilirudi limejaa kama lilivyokwenda. Tulidhani mtoto hapendi kula. Tukambembeleza, tukamkaripia, mwishowe tukaanza kumpa hela. Hela ile akanunulia ubuyu, barafu za rangi na vipande vya muhogo vyenye pilipili. Jioni alirudi amechoka, akisinzia juu ya daftari. Mwalimu naye akatuandikia kwamba ikifika saa sita mchana mtoto hasikilizi tena darasani.

Ikatokea kwamba shangazi yangu wa Kurui akaja kututembelea. Kwa wasiopafahamu, Kurui ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Unavuka vilima vya Pugu, unaupita mji wa Kisarawe, kisha unaingia ndani kwenye nchi ya mihogo, minazi na mikorosho. Shangazi alilipokea lile kontena lilipotoka shule, akalifungua, akatazama. Ndani mlikuwa na wali wa jana ulioshikana, maharage yamemwagikia kila upande, na juu yake ndizi mbivu iliyopondeka. Akaniambia, "Baba, mtoto huyu hakatai chakula. Anakataa kuchekwa."

Tulipomwuliza binti kwa upole, akatoboa siri. Kila alipofungua kontena, wenzake walikusanyika wakaziba pua.

Ndugu msikilizaji, neno hilo la shangazi ndilo msingi wa mazungumzo ya leo. Mtoto ana tumbo, lakini pia ana haya. Chakula tunachomfungia kinapaswa kumjenga mwili, kisiharibike kabla hajakila, na kimpendeze hata asione aibu kukifungua mbele ya wenzake. Kikikosa moja kati ya hayo, kitarudi nyumbani au kitatupwa njiani.

Wenzetu wa Japani wamelifanya jambo hili kuwa fani kamili. Chakula kinachofungwa na kuchukuliwa shambani, kazini, safarini au shuleni wao hukiita bento. Ni kisanduku kidogo ambacho ndani yake vyakula vimepangwa kila kimoja mahali pake. Mtu akikitazama anaweza kudhani ni mambo ya matajiri. Sivyo. Siri yake ni mpango. Wapo Wajapani wanaofundisha kwamba kisanduku kigawanywe mafungu sita: matatu ya chakula cha kushibisha kama wali, moja la kitoweo kama samaki au yai, na mawili ya mboga. Baada ya hapo hutazama rangi: nyekundu, manjano, kijani, nyeupe na nyeusi. Mwenye kutafuta rangi hizo hujikuta amechanganya vyakula vya aina mbalimbali hata bila kusoma kitabu cha lishe.

Nasi tusidhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Kiswahili kina neno masurufu, yaani chakula cha safari. Wazee wetu wa pwani walipokwenda shamba la mbali au baharini hawakutoka mikono mitupu. Walifunga muhogo, samaki mkavu na mkate katika majani ya mgomba au kikapuni. Walijua kipi kitafika kizima na kipi kitachacha njiani. Mtoto anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi saa tisa alasiri naye ni msafiri. Basi tumfungie masurufu, tusimfungie mabaki.

Hebu sasa tutazame chakula chenyewe. Huku kwetu Pwani chakula cha kushibisha ni muhogo. Ni chakula chema, hutia nguvu, na hupatikana. Lakini gramu 100 za muhogo zina takriban gramu moja tu, au zaidi kidogo, ya utomwili, ile protini ya kujenga mwili. Kunde zilizopikwa za uzito huohuo zina kiasi cha gramu saba au nane. Dagaa wakavu wanapita gramu 50. Kwa hiyo mtoto aliyekula muhogo mtupu ameshiba, ila mwili wake haujapata cha kujijengea. Mpe muhogo uleule pamoja na bagia za kunde, au dagaa, au yai moja, na mambo yatabadilika.

Hapa nikumbushe jambo moja. Muhogo wa kuchemsha kwa ajili ya mtoto uwe ule mtamu. Mihogo michungu ina sumu, na inahitaji kulowekwa na kukaushwa ipasavyo kabla ya kuliwa. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa vizuri.

Mboga na matunda yasionekane kama mapambo tu. Chungwa, embe, papai na limao vina vitamini C, nayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mboga za majani. Madini hayo ndiyo ya kuongeza damu. Chai hufanya kinyume chake: inywewapo pamoja na chakula huzuia madini hayo. Kwa hiyo katika mkoba wa mtoto chupa ya maji safi ni bora kuliko chupa ya chai.

Sasa nije kwenye adui mkubwa wa chakula cha shuleni, naye ni joto. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Vijidudu hustawi kati ya nyuzi joto 5 na nyuzi 60. Mkoba wa mtoto hapa pwani upo katikati kabisa ya hesabu hiyo.

Kwa sababu hiyo, mambo matatu yaepukwe. La kwanza ni mchuzi wa nazi. Tunaupenda sana, lakini tui huchacha upesi. Nazi tuiweke kwa chakula cha jioni. La pili ni wali uliolala nje usiku kucha. Wali wa namna hiyo unaweza kuwa na sumu ambayo haiondoki hata ukipashwa moto. La tatu ni kufunika chakula kingali kinatoa mvuke ndani ya kontena la kawaida. Mvuke hugeuka maji, na maji huharakisha uharibifu. Wajapani hukiacha kipoe kwanza, hukikausha maji, ndipo wakafunika.

Ukitaka kumpa mtoto chakula cha moto, tumia hotpoti ndogo. Itie maji yanayochemka kwanza, iache dakika chache, imwage, kisha tia chakula kilichotoka jikoni wakati huohuo. Kama huna hotpoti, chagua vyakula vikavu. Tunda liende na ganda lake, na yai la kuchemsha liende na ganda lake pia. Tena mwambie mtoto kitoweo akile mapumziko ya saa nne asubuhi, na vile visivyoharibika, kama tunda na karanga, avibakize kwa mchana.

Wengine watasema, "Sisi hatuna hela ya kisanduku cha Kijapani." Hakihitajiki. Kopo safi la majarini lenye mfuniko linafaa kwa vyakula vilivyopoa. Kwa mtoto wa madarasa ya chini, chombo cha nusu lita kinatosha. Vyumba vya ndani vitengenezwe kwa vipande vya jani la mgomba lililooshwa na kubabuliwa motoni kidogo ili lisipasuke. Hapo bagia haigusani na tunda, na kijani kimeshapatikana. Makopo ya rangi, ya dawa za mashamba au ya kemikali nyingine yasiguswe hata yakioshwa mara kumi.

Mfano wa wiki moja ni huu.

Jumatatu, muhogo wa kuchemsha uliokatwa mfano wa vidole, bagia tatu za kunde, vipande vya tango na karoti, na chungwa.

Jumanne, chapati iliyokunjwa pamoja na yai la kukaanga lenye mchicha, nyanya na kitunguu. Majirani zetu wa Uganda huuza chakula hiki barabarani na kukiita roleksi. Ikate vipande vya mviringo, mtoto ataona magurudumu.

Jumatano, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo vina vitamini A kwa wingi, pamoja na dagaa waliooshwa mchanga na kukaangwa wakavu, kabichi iliyokatwa nyembamba ikakamuliwa limao, na kipande cha embe.

Alhamisi, mkate wa kumimina, yai la kuchemsha, nyanya ndogo, na karanga za kukaanga. Mtoto wa chekechea asipewe karanga nzima, maana zinaweza kumpalia. Zipondwe.

Ijumaa, wali mkavu wenye karoti na njegere, uliopikwa asubuhi hiyohiyo na kutiwa katika hotpoti, samaki wa kukaanga aliyetolewa miiba, na ndizi.

Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji safi na salama, na mpishi anawe mikono kwa sabuni.

Kuhusu kupendeza, huna haja ya kuwa fundi. Shindilia wali ndani ya kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wauza kahawa, kisha kipindue, na wali utasimama kama mnara. Chora mifereji mitano kwa kisu kwenye karoti kuanzia juu hadi chini, kisha ikate kwa upana. Kila kipande kitatoka kama ua. Tango lililochimbwa katikati huwa mtumbwi, na dagaa wakawa abiria wake. Mtoto mwenyewe ashirikishwe jioni kuchagua tunda na kupanga rangi. Chakula alichokipanga kwa mkono wake hataona haya kukionyesha.

Nasikia mama mmoja akiguna kwamba asubuhi hana nafasi. Ni kweli, na hapa nawageukia akina baba wenzangu. Kunde hulowekwa jioni na kusagwa alfajiri, karoti humenywa usiku, na muhogo huchemka huku maji ya kuoga yakisubiri zamu yake jikoni. Kazi inayobaki ni ya dakika kumi. Baba anayeweza kusubiri taarifa ya habari anaweza pia kumenya karoti.

Ndugu msikilizaji, siwezi kumaliza bila kusema juu ya mtoto anayekaa dawati moja na wako, ambaye hana kontena kabisa. Japani yenyewe, pamoja na ufundi wake wa bento, haikuwaachia akina mama peke yao. Ilipitisha sheria ya chakula cha shuleni mwaka 1954, na leo wanafunzi wengi wa shule zake za msingi hula chakula kimoja kilichopikwa kwa ajili ya wote. Kwetu Tanzania, elimu bila ada ilianza Januari 2016, lakini chakula cha mchana katika shule nyingi za kutwa kimebaki kutegemea michango na makubaliano ya wazazi. Mwaka 2021 ukatolewa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni. Mwongozo haupiki uji. Wanaopika uji ni wazazi waliohudhuria mkutano wa shule wakakubaliana nani alete mahindi, nani maharage na nani kuni. Kontena la mwanao ni jema, lakini lisiwe sababu ya wewe kukosa mkutano huo.

Shangazi yangu alikaa kwetu majuma mawili. Kila alfajiri alipanga vidole vya muhogo upande mmoja, bagia upande wa pili, na vipande vya embe katikati ya jani la mgomba. Kontena likaanza kurudi tupu. Nikaona kwamba kila siku anaweka bagia mbili zaidi ya hesabu ya mtoto. Nikamwambia, "Shangazi, hizi nyingi, hatazimaliza." Akanijibu bila kuinua macho, "Hizo mbili si zake, baba. Ni za yule aliyekuwa anamcheka."

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.