Joto, Upepo na Kibali: Kujenga na Kuongeza Nyumba Unguja

Nyumba ya Unguja ina kazi mbili kubwa: kulizuia joto lisiingie, na kuupa upepo njia ya kupita. Ikishindwa, mwenyewe hulipia kwenye mita ya umeme. Na umeme wenyewe unatoka mbali. Unavuka bahari kutoka bara hadi Fumba kwa waya uliolazwa chini ya maji, wa kwanza tangu mwaka 1980, na wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, tangu mwaka 2013. Hitilafu iliyotokea Disemba 2009 ilikiacha kisiwa bila umeme kwa takriban miezi mitatu, na viyoyozi vikawa mapambo ya ukutani, isipokuwa kwa wenye jenereta.

Adui mkubwa ni jua la utosini. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halitoki sana juu ya vichwa mwaka mzima, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba hupita juu kabisa. Paa ndilo linalopigwa zaidi. Kuta za kaskazini na kusini huweza kukingwa na upenu wa wastani tu, lakini jua la asubuhi na la alasiri huingia kwa ubavu, chini ya upenu wowote, katika madirisha ya mashariki na magharibi. Ndiyo maana mwenye kiwanja kipya hufanya vizuri kuilaza nyumba kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi. Faida ya pili ni upepo: kaskazi na kusi zote mbili zitaikuta imefunguka upande wao.

Katika Mji Mkongwe hakuna wa kuchagua uelekeo, maana vichochoro vimeshaamua. Waashi wa zamani walitumia njia nyingine. Ukuta wa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, wenye unene wa nusu mita au zaidi, hupitisha joto polepole sana, hata likifika ndani jua limekwisha tua. Nyumba zimesogeleana zikatiliana kivuli. Madirisha ya mbao yenye vipande vya kulala hufungwa jua lisipite, na upepo ukaendelea kupita. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, kwa upande wake, halifunguki zaidi ya nusu. Katikati kuna ua, unaofanya kazi ya dohani: hewa ya moto hupanda na kutoka juu, na ile ya kichochoroni iliyopoa huvutwa ndani kupitia mlangoni.

Matatizo huanza familia inapokua. Mtu huongeza ghorofa ya matofali ya saruji juu ya kuta zilizojengwa kwa chokaa na kushikwa na boriti, au huufunika ua kwa bati apate chumba. Ghorofa hulemea kuta, na ua uliofunikwa haupumui tena, vyumba vyote vinavyouzunguka vikapata joto, kisha kila kimoja kikadai kiyoyozi chake. Plasta ya saruji ina madhara yasiyoonekana haraka. Chokaa huruhusu unyevu utoke; saruji huufungia ndani, chumvi ikaula ukuta, na ukuta uliolowa hupitisha joto upesi kuliko mkavu.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ndiyo inayotoa kibali cha kujenga, kukarabati au kubomoa katika eneo hilo, na msingi wa maamuzi uliwekwa na mpango wa uhifadhi wa mwaka 1994. Sheria haikukusudia kuokoa umeme. Ilikusudia kulinda sura ya mji, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo ua, chokaa na madirisha ya mbao ambayo wahifadhi huyapigania ndivyo vitu vinavyoipoza nyumba. Wengi huona kibali kuwa usumbufu, na gharama ya fundi wa chokaa kweli si ndogo, lakini upande wa pili wa hesabu, yaani bili ya kila mwezi, husahaulika.

Sehemu inayoruhusu mabadiliko makubwa bila kuharibu sura ni chini ya paa. Mapaa mengi yaliyokuwa ya sakafu bapa ya chokaa yamefunikwa mabati kwa sababu ya mvua. Bati linalochemka hutupa joto lake chini, hivyo panahitajika dari, na kati ya dari na bati nafasi yenye matundu pande mbili hewa ipite. Kulipaka bati rangi nyeupe husaidia pia.

Nje ya mji, Fumba au Bububu, kuiga ukuta mnene wa Mji Mkongwe si lazima kuwe busara. Usiku wa pwani haupoi sana, na mawe yaliyoshiba joto mchana huendelea kulitoa watu wamelala. Palipo na nafasi na upepo, vyumba vya kulala huhitaji ukuta mwepesi, upenu mpana, madirisha yanayotazamana na miti upande wa magharibi. Nyumba ya miti, udongo na makuti ilikuwa na mwanya kati ya ukuta na paa. Mwanya huo waweza kuwekwa hata katika nyumba ya matofali, ukazibwa kwa wavu wa mbu.