Dondoo, Matini Sahili na Mstari wa Amri

Zipo programu ndogo za kompyuta zisizo na picha wala vitufe vya kubofya, ambazo kazi yake ni kupanga maandishi mafupi tu. Mtumiaji huandika amri katika mstari mmoja, na kompyuta hujibu papo hapo chini yake. Kuzitumia si kazi kubwa. Kuzieleza kwa Kiswahili ndiko kwenye mashaka.

Tuanze na hayo maandishi yenyewe. "Noti" limekwisha kutwaliwa na fedha. "Kumbukumbu" ni za vikao. "Dokezo" lina kazi yake serikalini: mtumishi akiambiwa afungue dokezo, atatafuta dokezo sabili mezani pake. Tunapendekeza "dondoo", kwa kuwa kudondoa ni kuokota punje moja moja, na ndivyo maandishi haya yakusanywavyo.

Kila dondoo huwekwa katika faili lake, herufi tu, bila rangi wala mapambo. Wako wasemao "matini tupu", lakini debe tupu halina kitu ndani. "Matini ghafi" nayo hudhaniwa kuwa yangoja kusindikwa. Sisi twaona "matini sahili" yafaa zaidi.

Jambo hili si la maneno matupu. Tuchukulie mwalimu wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo, akusanyaye msamiati wa Kisubi. Akiuhifadhi katika programu yenye muundo wake wa siri, siku programu hiyo itakapoachwa, kazi ya miaka yaweza kufungiwa humo. Matini sahili husomeka kwa kompyuta yoyote. Akitaka madondoo yote yenye neno "mvua", amri moja yatosha. Grep, programu ya kutafuta ya namna hiyo, iliandikwa na Ken Thompson nchini Marekani mwaka 1973 na ingali inatumika. Zamani alama za toni zingemsumbua, maana mpangilio wa ASCII una nafasi 128 tu, zinazokitosha Kiswahili lakini hazina irabu zenye alama. UTF-8, iliyobuniwa mwaka 1992, imeondoa kikwazo hicho.

Kuhusu "mstari wa amri", wapo wanaoona "amri" ni neno la kijeshi, wakapendelea "agizo". Lakini agizo laweza kucheleweshwa, kama wajuavyo wakuu wa ofisi. Kompyuta haina hiari hiyo. Mahali pa kuwekea mafaili tumepaita "kabrasha", neno ambalo makarani wanalo tayari, ingawa wengi husema "folda".