Kiraka huziba tundu, nembo humtambulisha mtu

Mashabiki wa riwaya za kifantasia hupenda kushonea kwenye jaketi na mikoba yao vipande vya kitambaa vilivyodariziwa alama zinazotoka katika riwaya hizo. Mathalani, wasomaji wa vitabu saba vya Harry Potter, vilivyochapishwa kati ya 1997 na 2007, hudarizi simba wa Gryffindor au nyoka wa Slytherin. Je, kipande kama hicho tukiiteje kwa Kiswahili?

Anayetafsiri kutoka Kiingereza huenda akakimbilia neno ‘kiraka’. Hebu tulipime neno hilo mbele ya fundi wa cherehani mjini Isiolo. Mteja akisema, “Fundi, nitilie kiraka kwa hii jaketi,” ataulizwa, “Kwani imeraruka wapi?” Fundi hajakosea. Kiraka ni kipande kinachoshonewa mahali palipotoboka au kuchanika. Ndiyo maana tunasema barabara imetiwa viraka. Nchini Tanzania, mchezaji wa kandanda anayeweza kujaza nafasi yoyote uwanjani huitwa ‘kiraka’. Katika miktadha yote hiyo, lazima pengo litangulie. Isitoshe, nguo yenye viraka huhusishwa na ufukara. Jaketi ya shabiki ni nzima. Haina tundu la kuzibwa.

Neno linalofaa ni ‘nembo’. Zamani, nembo zilikuwa chale au alama zilizochorwa mwilini ili kuonyesha mtu ni wa jamii gani. Siku hizi tunalitumia kwa alama za shule, kampuni na serikali. Maana ya msingi haijabadilika: nembo hueleza mtu ni wa nani au yuko upande gani. Hivyo ndivyo sweta ya mwanafunzi inavyotaja shule yake, na ndivyo simba yule anavyomtaja shabiki.

‘Beji’ pia si kosa, ila beji nyingine ni za chuma na hubanwa kwa pini. ‘Kibandiko’ nacho hubandikwa kwa gundi.

Vitenzi navyo visichanganywe. Sweta hufumwa kwa nyuzi. Nembo hudariziwa, au hutariziwa, yaani hutiwa nakshi ya uzi juu ya kitambaa, kama zinavyofanyiwa kofia za Lamu. Baada ya hapo, nembo hushonewa kwenye sweta. Hizo ni kazi tatu tofauti, na huenda zikafanywa na watu watatu.

Tofauti hii ina uzito mfukoni. Kudarizi simba mwenye manyoya kunaweza kuchukua saa nyingi. Kumshonea kwenye jaketi ni kazi ya dakika chache. Mteja anayesema tu “nishonee nembo” anaweza kudhani ameagiza kazi zote mbili, ilhali fundi amepiga hesabu ya moja. Hapo ndipo ugomvi wa bei huzuka.

Kwa hivyo, aseme: “Fundi, nidarizie nembo ya simba, kisha uishonee kwenye mfuko wa jaketi.” Na ikiwa mfuko wenyewe umechanika na nembo ikawekwa kuuficha mchano huo, basi tutasema nembo imefanya kazi ya kiraka. Hata hivyo, itabaki kuwa nembo.